Pikipiki Inayovuta Hewa

Wewe mwendesha bodaboda wa Marikiti au Fort Jesus, sikiliza injini yako. Pikipiki kuukuu ikinguruma juu bila kuongezwa mafuta, ikizimika kwenye foleni ya Digo Road, na plagi ikitoka nyeupe badala ya kahawia, huenda inavuta hewa pembeni. Mara nyingi ni mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini, au bolti zilizolegea. Chumvi ya bahari nayo huzila. Washa injini, nyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Usijaribu kwa petroli: inaweza kushika moto. Badilisha mpira mapema, kabla pistoni haijaungua.