SAA YA SAFARI NA SAA YA UKUTANI

Somo letu la leo ni hesabu ya safari. Chukueni daftari na kalamu, maana tutaandika tarakimu.

Tazameni ramani ya Asia. Mji wa Dubai uko magharibi, pwani ya Ghuba. Mji wa Mumbai, ambao mpaka mwaka 1995 jina lake rasmi lilikuwa Bombay, uko mashariki yake, pwani ya Bara Hindi. Ndege ikitoka Dubai kwenda Mumbai moja kwa moja husafiri yapata kilomita 1,900.

Ndege kubwa ikiwa juu angani hukata kilomita 800 au zaidi kwa saa moja. Gawanyeni 1,900 kwa 800. Mtapata saa mbili na dakika ishirini na kitu. Lakini ratiba huandika kama saa tatu. Kwa nini? Kwa sababu ndege haiendi mbio hizo tangu mwanzo. Kwanza hutambaa uwanjani, hungoja zamu yake, kisha hupanda. Na ikikaribia kufika hupunguza mwendo ipate kushuka.

Sasa tusome tiketi ya mfano. Kuondoka Dubai, 10:00. Kufika Mumbai, 14:30. Hizo ni saa za Kizungu. Kwa saa za mchana, toeni 6 mpate saa zetu: saa 4 asubuhi, na saa 8 na nusu mchana. Toka saa 4 hata saa 8 na nusu ni saa nne na nusu. Je, hatukusema safari ni ya saa tatu? Saa moja na nusu imetoka wapi?

Jua huchomoza Mumbai kabla ya Dubai. Basi saa za Bara Hindi ziko mbele ya saa za Dubai kwa saa moja na nusu. Na tiketi huandika kila wakati kwa saa ya mji wake.

Jambo hili si dogo. Tuseme mzee mmoja ameagizwa na daktari ameze kidonge kila baada ya saa sita. Amemeza kimoja Dubai saa 4 asubuhi, ndege ikiondoka. Amefika Mumbai, akatazama saa ya ukutani, na ilipotimia saa 10 alasiri akameza cha pili. Ni saa nne na nusu tu zimepita! Amewahi mno. Angengoja mpaka saa 11 na nusu jioni kwa saa ya Mumbai.

Andikeni kanuni hii. Kutoka Dubai kwenda Mumbai, toa saa moja na nusu katika hesabu ya tiketi. Kurudi Dubai, ongeza saa moja na nusu.

Zoezi: Kuondoka Mumbai, 10:00. Kufika Dubai, 12:00. Safari ni ya saa ngapi? Msiharakishe kujibu saa mbili. Asiyepata saa tatu na nusu asome kanuni tena, kisha arudie hesabu yake.

Kwa herini, wanafunzi, mpaka somo lijalo.