Kutafuta Shamba Pasipo Deni

Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano wa mwaka jana mlituagiza, sisi watatu wa kamati ndogo, tuzunguke kutafuta ardhi nje ya mji, mahali ambapo mwanachama akiisha kustaafu aweza kukaa na jamaa yake, akala jasho lake, wala asiwe na mtu wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi kudai fedha. Twawaletea habari za safari hizo. Si zote zilizo njema, na mojawapo ni habari ya kosa letu wenyewe. Tumeona heri tuiseme sisi kabla hamjaikuta katika ukurasa wa hesabu.

Kabla ya kwenda popote tuliketi tukapima chungu. Jamaa ya watu sita yahitaji kama gunia sita za mahindi kwa mwaka, gunia la kilo 90 kwa kila kinywa, pamoja na maharagwe, mboga na maziwa. Mahali penye mvua ya kutosha, mkulima mwangalifu aweza kuvuna gunia 15 kwa ekari, ingawa wengi hawafiki hapo. Kwa hiyo ekari mbili za udongo mzuri zatosha mahindi na maharagwe, nyasi za napia kwa ng'ombe mmoja wa maziwa, migomba, bustani, nyumba na miti michache ya kuni. Ile ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo madalali wa mjini siku hizi huiita shamba, ni futi za mraba 5,000, nayo ekari ni futi za mraba 43,560. Hapo mtu hupata nyumba na mistari ya sukumawiki, basi.

Wala hatukumwona popote mtu anayejitosheleza kabisa. Chumvi hununuliwa, karo hulipwa, na ugonjwa hauji na taarifa. Tunaposema kujitosheleza twamaanisha kwamba chakula hakitoki dukani, na kwamba ile fedha kidogo inayopatikana kwa maziwa na mayai haina mwenyewe mwingine anayeingojea.

Tulianza Laikipia, kwa kuwa bei ya huko ilituvuta. Wazee wanajua habari zake: baada ya Uhuru, na hasa katika miaka ya 1970, makampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi vilinunua mashamba makubwa ya walowezi, vikayakatakata na kuwagawia wenye hisa. Wengi walipata vipande vidogo katika nyanda kavu, mahali ambapo mifugo hustawi na mahindi hunyauka, nao hawakuhamia kamwe. Hata leo utaona vigingi vimemezwa na nyasi, na wafugaji wanapita juu yake. Ardhi hiyo ni rahisi kwa sababu haina maji, na mtu akiisha kuinunua atalipa bei iliyobaki kwa mapipa.

Hata hivyo tusiidharau mvua kidogo. Tulipiga hesabu hii usiku mmoja katika nyumba ya wageni: paa la bati la mita za mraba 50, mahali ambapo mvua ya mwaka ni milimita 600, laangukiwa na maji lita 30,000. Tukiondoa yanayopotea, tuseme zabaki lita 24,000, na jamaa ya watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku watakaa siku 200. Basi paa na tangi zaweza kunywesha watu zaidi ya nusu ya mwaka. Haziwezi kunywesha mahindi. Mnunuzi naafike kuliona shamba mwezi wa Februari, kabla ya mvua ya masika, aulize majirani wanateka maji wapi. Muuzaji hupenda kumwonyesha mtu shamba mwezi wa Mei.

Sasa tuje kwenye kosa. Tulionyeshwa ekari tatu zenye kijito upande wa chini, udongo mweusi, na barabara si mbali. Kijana aliyeuza alikuwa mwenye adabu, naye alituambia kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani na fedha. Tukatoa arubuni ya shilingi 50,000 za Chama siku ile ile, tukaandikiana karatasi, tukapeana mikono. Rejista ya ardhi tulikuwa hatujaipekua.

Juma lililofuata tulirudi na mpima ardhi. Mama mzee akatoka katika nyumba iliyo mwisho wa shamba, akatusalimu, akatutandikia mkeka chini ya mti na kutuletea chai.

“Karibuni, wanangu,” akasema. “Mmekuja kupima nini?”

Tukatazamana. Mwenzetu aliye mkubwa kwa umri akajibu, “Mama, tumekuja kupima shamba tulilonunua.”

Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mume wangu amelala pale,” akionyesha kaburi kando ya migomba. “Sijui ni nani aliyewauzia.”

Chai ile hatukuimaliza. Tulipokwenda kwenye ofisi ya ardhi tulikuta kwamba shamba lingali katika jina la marehemu, na kesi ya mirathi haijafunguliwa. Kwa Sheria ya Urithi, mtu hana ruhusa ya kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka, hata akiwa mwana wa kwanza. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kudhibiti Ardhi ya mwaka 1967 yataka mapatano ya kuuza ardhi ya kilimo yapate kibali cha Bodi, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu kupatana. Pasipo kibali mapatano ni bure, na aliyelipa amebaki kudai fedha zake kama deni. Tazameni jambo hili: tulikwenda kutafuta maisha yasiyo na deni, tukarudi tukiwa wadai. Kijana amerudisha shilingi 30,000. Zile 20,000 zilizobaki mtaziona katika hesabu, nasi watatu tumekubali kuzilipa mfukoni mwetu kabla ya mwisho wa mwaka.

Baada ya hapo tulifika Trans Nzoia, ambako mvua hupita milimita 1,000 na mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka, Machi au Aprili. Ardhi ni nzuri nayo bei yake ni ya watu waliokwisha kujua kwamba ni nzuri. Hapo ndipo baadhi yenu mlipotuandikia kwamba Chama kikope. Tukaweka mfano: mtu akikopa shilingi 600,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio, kwa miaka minne, atalipa kama shilingi 15,800 kila mwezi, yaani karibu 190,000 kwa mwaka. Ekari moja ya gunia 15, tukiweka gunia kwa shilingi 3,000, yaleta 45,000 kabla ya mbolea na vibarua. Zahitajika ekari zaidi ya nne, na pasiliwe hata punje moja, ili kulilipia shamba hilo. Mwenye mshahara aweza kuubeba mkopo huo. Mstaafu hawezi, wala shamba haliwezi.

Jambo hili si geni kwetu. Mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962 uliwapa maelfu ya jamaa zisizo na ardhi vipande katika yale yaliyokuwa mashamba ya Wazungu, lakini kwa mkopo wa kulipwa katika miaka 30. Wakuu wa mpango walipiga hesabu kwamba kila ploti italisha jamaa, italipa deni, na itaacha fedha kidogo juu yake. Mahali pengi chakula kilipatikana, lakini deni halikulipika kwa wakati wake, na wapo watoto waliorithi shamba pamoja na barua za kudaiwa.

Tukiwa njiani kurudi, mwenzetu mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha wote: “Na kwetu, shamba liko katika jina la nani?” Tulikuwa watatu ndani ya gari. Mmoja shamba la nyumbani liko katika jina la baba aliyefariki miaka mingi iliyopita. Wa pili liko katika jina la babu, tangu lilipoandikishwa. Wa tatu hakujua. Tumewauliza wanachama wengine tangu siku hiyo, na majibu ni yale yale. Kuna ekari zimelala nyumbani kwa sababu ndugu hawajaketi pamoja, na mama zetu wanakaa kando ya migomba kama yule aliyetupa chai, bila karatasi ya kuwalinda.

Kwa hiyo kamati haipendekezi mkopo mwaka huu, wala kununua. Mwenye hamu ya kulima na akodi ekari moja kwa msimu mmoja, auone mkono wake na mgongo wake kabla hajatoa akiba. Na wazee tunawasihi, kwa heshima yote, msituache tuulize mambo ya mipaka siku ya matanga.

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, karani atakuwa ofisini na daftari. Kila mwanachama alete nambari ya shamba la nyumbani na jina lililoandikwa katika rejista, na asiyejua aje vilevile. Gharama ya kupekua rejista Chama kitailipa kwa mwanachama aliyemaliza ada yake.