Somo la Redio: Mwongozo wa Kubandika Ukutani

  

Ninyi mmekwisha jua kusoma na kuandika. Leo elimu hiyo tutaitumia kuwafaa jirani zetu. Tutatengeneza mwongozo. Mwongozo ni karatasi inayomwonyesha mtu namna ya kufanya kazi, hatua kwa hatua.

Chombo chetu huitwa Canva. Kilianza kutumika mwaka 2013, huko Australia. Bibi Melanie Perkins, mmoja wa walioanzisha chombo hicho, alipokuwa chuo kikuu aliwafundisha wenzake programu za kupangia kurasa. Akaona zinawasumbua sana. Ndipo alipowaza kutengeneza chombo chepesi. Hutumika kwenye simu au kompyuta yenye intaneti, na iko sehemu yake isiyo na malipo.

Lakini msikifungue bado! Shikeni kwanza penseli na karatasi. Mwongozo mzuri huanza na maneno. Wetu ni wa maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za ORS hazijapatikana. Andikeni hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa.
3. Tia sukari, vijiko 6 vya chai.
4. Tia chumvi, nusu kijiko cha chai.
5. Koroga mpaka viyeyuke.
6. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo, tena umpeleke zahanati.

Vijiko hivyo ni vya kusawazisha, si vya kulundika. Liongezeni neno hilo.

Haya, sasa fungueni Canva. Mtaona kurasa zilizokwisha pangwa, nazo huitwa violezo. Chagueni kiolezo chepesi, cha ukubwa wa karatasi ya A4. Gusa maneno yaliyomo, yafute, andika yako. Herufi ziwe kubwa, za rangi nyeusi juu ya nyeupe, zisomeke hata na mzee aliyesimama mbali. Kisha tafuteni picha ya kijiko, muiweke mahali pake.

Hapa ndipo pa hatari, ndugu zangu. Tuseme mmeweka picha ya vijiko 6, nayo kwa bahati mbaya ikaangukia kando ya neno "chumvi". Ukurasa unapendeza kweli kweli. Lakini mama mwenye haraka, mtoto analia mgongoni, hatasoma kila neno. Atatazama picha, atie chumvi vijiko 6. Chumvi nyingi namna hiyo yaweza kumdhuru mtoto, hata kumwua. Basi uzuri wa ukurasa umemfaa nani?

Kwa hiyo msikimbilie kupiga chapa. Mwiteni mtu asiyejua habari hii. Mpeni maji, sukari, chumvi, kijiko na mwongozo wenu. Ninyi nyamazeni. Msimwambie hata neno moja! Mtazameni mikono yake. Akisita, au akikosea, msimcheke. Kosa si lake, ni la karatasi. Rudini kwenye Canva, sogezeni picha, fupisheni sentensi, kisha mjaribu kwa mtu mwingine. Tena mwonyesheni mganga wa zahanati, ahakikishe vipimo.

Wote wakiridhika, pakueni ukurasa kama faili ya PDF. Pelekeni kwenye duka la kupiga chapa, kisha bandikeni nakala mahali ambapo watu husimama: penye bomba la maji, au mlangoni pa zahanati.

Zoezi la wiki hii: Chagueni kazi moja mnayoijua vyema. Iandikeni kwa hatua zisizozidi 6. Mpeni jirani aifuate, nanyi mkae kimya. Andikeni mahali alipokwama. Hapo ndipo penye somo lenu.

Nawatakia kazi njema. Kwaherini, mpaka wiki ijayo.