Tusingoje Mtu Aokote Makopo

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa Kata ya Kichiwa, Njombe)



Nimeombwa nieleze kazi ya mwanasaikolojia, na namna mtu wa huku kwetu Kichiwa anavyoweza kumpata. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana nilimchapa mvulana wa darasa la sita kwa sababu alikuwa hajibu maswali. Nilimchapa siku tatu mfululizo. Siku ya nne bibi yake alifika shuleni kunieleza kwamba mtoto alimzika mama yake wakati wa likizo, na kwamba hata nyumbani hasemi. Bibi yule hakunilaumu. Alinisikitikia, nadhani. Mvulana alimaliza darasa la saba bila kunipa neno zaidi ya shikamoo.

Mkoa wetu unaijua misiba ya namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 uliionyesha Njombe ikiongoza kwa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, asilimia 11.4 ya watu wazima. Nyuma ya hesabu hiyo wapo watoto waliolelewa na bibi zao, na watumishi wanaomeza dawa kwa kificho. Lakini janga hilohilo lilituzoeza kukaa na mshauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupima. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akasema kwamba kuzungumza na mtaalamu ni mambo ya Wazungu.

Mwanasaikolojia amesomea fikra, hisia na mwenendo wa binadamu. Daktari wa magonjwa ya akili ni mwingine. Huyo ni tabibu, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo yenye mpango. Husikiliza, hupima, kwa mfano kumbukumbu ya mtoto au uwezo wake wa kujifunza, kisha humzoeza mtu, juma baada ya juma, kuitambua hofu inayomkaba na kuikabili. Mwenye huzuni nzito huenda akawahitaji wataalamu wote wawili. Hayo ya kuokota makopo ni maneno yetu ya vijiweni.

Ni kweli wataalamu hawa ni wachache, na wengi wamo mijini. Hata hivyo usianze safari ya Dar es Salaam. Anzia kituo cha afya, ueleze shida yako waziwazi, uombe rufaa ya hospitali ya Kibena au ya mkoa. Afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri naye aulizwe. Ukimpata mtaalamu, muulize bila haya amesomea nini, wapi, na siri yako ataitunzaje. Anayeahidi kukuponya kwa siku moja, mwache aende zake.

Sasa shuleni. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulielekeza huduma ya ushauri nasaha itolewe katika shule. Mwalimu mshauri si mwanasaikolojia, lakini ndiye wa kwanza kumwona mtoto aliyenyamaza. Mara nyingi tunampa kazi hiyo mwalimu yuleyule wa nidhamu. Mtoto gani atamfungulia moyo mtu aliyemchapa asubuhi? Naomba mwalimu mshauri aondolewe fimbo, apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofungika. Walimu wakuu mliopo, naomba mnijibu kabla hatujatawanyika.