Setilaiti inaiona Lafey, orodha je?

Uzi. Haya ni maneno niliyoyasema Lafey mbele ya vijana na wazee wachache, kwenye kikao cha kueleza mambo yanayozuka kila msimu wa siasa. Hakuna jina la mwanasiasa wala la chama hapa, kwa hivyo anayetafuta mtu wa kutukana apite tu. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.

Assalaam aleykum. Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma kwa sababu viti vimeisha, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee juu ya serikali ya kidijitali. Najua neno lenyewe linaleta usingizi, lakini vumilieni kidogo, kwa sababu mwisho wake ni pesa na chakula.

Mmesikia mjadala huu kwa redio. Mmoja anasema, tukiweka kila kitu kwa mtandao, wizi utaisha na maendeleo yatafika mpaka mpakani. Mwingine anamjibu, watu wa kule wanataka maji, si kompyuta. Watu wanapiga makofi kila upande, halafu kikao kinaisha. Mimi naona wote wawili wanakwepa swali lenyewe. Maji, chakula, mifugo, shule na barabara viko chini ya ofisi tofauti, zingine Nairobi, zingine Mandera mjini. Swali ni je, ofisi hizo zinasoma orodha moja, ama kila moja ina yake? Na orodha ikikosea, nani anairekebisha?

Wacha nianze na kitu ambacho kilifanya kazi, maana sisi tumezoea kulalamika tu.

Wazee hapa wanakumbuka ukame ulivyokuwa unatangazwa zamani. Ng'ombe wanaanza kuanguka, chifu anaandika ripoti, ripoti inapanda ngazi moja baada ya nyingine, Nairobi wanakaa mkutano, mwishowe lori la mahindi linafika wakati mifugo imeshakuwa mifupa. Mwaka 2011, mwaka wa ukame mbaya, serikali ikaanzisha NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame. Na huku kwetu, Mandera, Wajir, Marsabit na Turkana, kulikuwa na mpango wa HSNP, ule wa pesa za kuwakinga watu na njaa. Awamu ya pili ilipoanza 2013, walifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la maana kuliko programu nyingi za simu tunazozinduliwa kwa sherehe.

Waliandikisha kaya zote walizoweza kufikia katika kaunti hizo nne, karibu kaya 375,000. Kati yao kama 100,000, zile maskini zaidi, zililipwa kila miezi miwili, na kiwango kikafika shilingi 5,400. Hizo zingine zilifunguliwa akaunti zikae zikingoja. Zinangoja nini? Zinangoja setilaiti.

Iko hivi. Setilaiti inapita juu inapima ukijani wa mimea. Kipimo kinaitwa VCI. Hakilinganishi Lafey na Kericho, hapana. Kinailinganisha Lafey na Lafey yenyewe ya miaka iliyopita, msimu uleule. Wanachukua wastani wa miezi mitatu. Ukishuka chini ya 35, ukame umeanza. Chini ya 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni hatari kubwa kabisa. Kwa kanuni iliyokubaliwa mapema, ukishuka chini ya 20, zile kaya zilizokuwa zinangoja zinaanza kuingiziwa pesa, na ukizidi kushuka zinaongezwa zingine.

Sasa angalieni vizuri hapo. Mheshimiwa hakuombwa atangaze, na chifu hakuombwa achague nani ni wake na nani si wake. NDMA, wizara, wenye takwimu za setilaiti na benki walikubaliana kabla jua halijawaka: kipimo kikifika hapa, tunafanya hivi. Huko ndiko kuratibu. Kompyuta ilikuja baadaye tu, kuharakisha makubaliano ambayo tayari yapo. Ofisi zisipokubaliana, hata uzinunulie mashine za dhahabu, utapata tu ofisi ambazo hazielewani na zina mashine za dhahabu.

Bima ya mifugo ya serikali, ile KLIP iliyoanza 2015 Wajir na Turkana kisha ikaja mpaka Mandera, ilitumia wazo hilohilo la kuangalia malisho kutoka juu. Hakuna mtu anakuja kuhesabu mizoga ya ngamia wako. Malisho yakikauka kupita kiasi, unalipwa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani ni muujiza. Setilaiti huona kijani, haiulizi kama ni nyasi au ni mathenge. Na nyote mnajua mathenge hukaa kijani hata wakati mbuzi hana cha kutafuna. Kwa hivyo mama wa Fino anaweza kuwa kwenye shida na takwimu inasema hali ni nafuu. NDMA wana watu wa kuuliza bei ya mbuzi sokoni na umbali wa kwenda maji, na taarifa hizo hutoka kila mwezi, kila kaunti. Ziko wazi kwa mtandao, msome. Ukisikia mtu anaongea juu ya ukame kwa redio na hajasoma taarifa ya mwezi huo, jua ni hadithi. Jambo lingine ni kwamba kanuni bila pesa kwenye akaunti ni karatasi. Hazina ikichelewa, setilaiti haina la kufanya.

Lakini tatizo kubwa haliko angani, liko kwa orodha.

Kuna watu hapa wakati wa usajili ule walikuwa na mifugo kule upande wa Warankara wakifuata mvua. Wakarudi, usajili umeisha. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati huo leo anatafuta kitambulisho. Mwanamke aliyeandikwa chini ya mumewe leo ni mjane, na kadi ilikuwa ya marehemu. Awamu zilizofuata zilikuja na usajili mwingine, sawa, lakini jamii inayohama na mvua haikai ikingoja karani arudi baada ya miaka.

Halafu kuna kitambulisho chenyewe. Serikali ina rejista moja inayoweka pamoja mipango yote ya pesa: ya wazee, ya mayatima, ya watu wenye ulemavu mkubwa, na hii ya HSNP. Rejista hiyo inalinganisha jina lako na rekodi za vitambulisho vya taifa. Wazo ni zuri, mtu mmoja asilipwe mara tatu. Ila mtu asiye na kitambulisho hayupo kabisa. Hata kukataliwa hajakataliwa, kwa sababu ukikataliwa angalau jina lako limeonekana. Na kupata kitambulisho huku mpakani mnajua ilivyokuwa, kamati za kukuhoji babu yako alizikwa wapi. Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule ukaguzi wa ziada kwa kaunti za mpakani. Vizuri. Lakini miaka iliyopotea kabla ya hapo haijarudishwa kwa orodha yoyote.

Wacha niwape mfano wa Garissa, kwa sababu ndio unaonifanya nisikubali kwa haraka neno "tuunganishe mifumo". Wakati wa njaa za miaka iliyopita, familia za Wakenya karibu na Dadaab ziliandikisha watoto wao kambini ili wapate mgao wa chakula. Mtoto akapigwa alama za vidole kama mkimbizi. Akakua, akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi yake. Mfumo ukasoma vidole, ukaulizana na ule mwingine, ukajibu: huyu ni mkimbizi. Ni Mkenya, babake Mkenya, shule amesoma hapahapa, lakini hana kitambulisho, hivyo hana akaunti, hana kazi, hapigi kura. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka.

Sasa niambieni, teknolojia ilifeli hapo? Ilifanya kazi barabara! Rejista mbili zilisomana, kama vile waheshimiwa wanavyotuahidi. Zilichobeba ni kosa. Mifumo ikiunganishwa, kosa la ofisi moja linakuwa kosa la ofisi zote siku hiyohiyo. Zamani ofisi ikikukosea ungejaribu nyingine. Ndiyo maana mtu akiahidi kuunganisha, mimi humuuliza kwanza: na wa kufungua fundo ni nani?

Nije kwa sensa, hapo ndipo watu hukasirika. Mwaka 2009 sensa ilisema Mandera ina watu 1,025,756. Serikali yenyewe ikakataa matokeo ya wilaya nane nchini, na tatu zilikuwa za Mandera, mambo yakaishia kortini. Mwaka 2019 ikaja sensa ya kwanza ya kidijitali, makarani na vishikwambi mkononi, tukaambiwa sasa hakuna ubishi. Mandera ikatoka na watu 867,457, na Lafey 83,457. Yaani baada ya miaka kumi kaunti imepungua watu zaidi ya laki moja na nusu! Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo hayo ya 2019 kwa maeneo ya Mandera, Wajir na Garissa, Lafey ikiwemo, na kuagiza watu wahesabiwe upya. Mambo ya rufaa tuwaachie mawakili.

Mimi sitawaambia ni hesabu gani ilikuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba kishikwambi hakikuondoa ubishi. Na ubishi huo si wa heshima tu. Kwa kanuni ya kugawia kaunti pesa iliyotumika kuanzia mwaka wa fedha 2020/21, idadi ya watu peke yake ilibeba asilimia 18. Mipango ya shule, dawa na visima yote inaanza na kuuliza, mko wangapi? Ule mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 unasimama juu ya hesabu ambayo korti imeitilia shaka. Mnaona vile kosa linavyosafiri?

Na kuna mnara. Hapa sihitaji kueleza sana, nyinyi mmeishi. Minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa katika eneo hili, na inapoanguka kuna sehemu ambapo simu hushika mtandao wa Somalia tu. Siku hiyo wakala halipi, nesi hatumi ripoti, mwalimu haingizi majina ya watoto, na Nairobi wanaona sifuri kwenye skrini. Sifuri hiyo inasomwaje? Mtu aliye mbali anaweza kuisoma kwamba hakuna wagonjwa. Mfumo wowote unaoletwa Lafey lazima uwe na njia ya kufanya kazi bila mtandao, na uwe unajua kutofautisha "hakuna" na "hatujasikia". Hilo si ombi la anasa.

Kwa hivyo akija mtu hapa na ahadi ya kidijitali, msimpigie makofi wala msimzomee. Muulizeni orodha atakayotumia ni ya mwaka gani, na aliyeachwa nje anaingia kwa mlango upi, Lafey, si kwa kwenda Nairobi. Muulizeni kipimo kikishuka pesa inatoka bila sahihi ya nani. Akijibu "tutaunda kamati", basi mmepata jibu.

Msingoje uchaguzi pia. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Andika barua: naomba kujua idadi ya kaya za kata yetu zilizo kwenye rejista, na tarehe ya mwisho iliposasishwa. Barua ya ukurasa mmoja, usiweke matusi. Na sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuona rekodi yako mwenyewe na kudai irekebishwe kama ina makosa. Kijana mmoja anayejua kuandika anaweza kuwaandikia wazee kumi kwa jioni moja.

Hapo nikanyamaza, maswali yakaanza. Mama mmoja aliuliza kwa Kisomali, kijana akatafsiri: yeye ana kitambulisho, ana kadi, lakini alama za vidole vyake hazisomeki tena kwa mashine, kwa sababu ya kuchota maji na kubeba kuni. Je, akaandike barua gani? Nilimwambia vidole kuchakaa si kosa lake na si sababu ya kukosa haki yake, na mpango ukosao njia ya pili ya kumtambua mtu ndio wenye kasoro. Aandike hivyohivyo, aambatanishe nakala ya kitambulisho, na aende na mtu wa pili wa kushuhudia. Vijana wawili walibaki naye baada ya kikao, wakaiandika palepale mezani.