Kemia ya maji ya Meru

Mwalimu wa kemia wa kidato cha kwanza kule Arumeru, Tanzania, ana somo lililokwisha kuandaliwa na mlima. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi kwenye chemchemi na visima, na meno ya watoto wengi hubaki na madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Vyanzo kadhaa huko hupita kiwango hicho kwa mbali.

Mwalimu aulize darasa: tukichemsha maji, floraidi itaondoka? Wengi watajibu ndiyo. Kumbe mvuke ndio unaoondoka, floraidi inabaki sufuriani, na ukolezi unapanda. Kisha alete mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa utafiti miaka mingi pale Ngurdoto, huko huko Arumeru: maji yakipitishwa humo, ayoni za floraidi hunaswa, nayo hutoka salama zaidi.

Somo kama hili ndilo linalotakiwa: tangu 2005 mtaala wetu wa sekondari unadai umahiri, si kukariri tu. Basi mitihani ya taifa nayo iulize mambo ya namna hii, maana mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa.