Wageni wa Bustani Zetu: Maneno kwa Watu wa Kasekese

Leo tumeombwa tuseme juu ya bustani ya uani, yaani kile kipande kidogo cha ardhi nyuma ya jiko chenye migomba miwili mitatu, mpapai, mchicha na maboga. Habari za tembo na nyani tunaziacha, maana zina baraza lake. Twataka kuwataja wageni wadogo, ambao huja kila siku wala hawabishi hodi.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Msimu mmoja wa mvua maboga yetu yalitambaa hata uani, yakatoa maua mengi. Tukaona wadudu juu ya majani, tukanunua dawa, tukainyunyiza asubuhi na mapema, tukijisifu kwa bidii yetu. Vitoto vya maboga vikageuka manjano, vikaoza, vikaanguka kimoja kimoja. Wako waliosema tumerogwa. Sivyo, tulikuwa tumewaua nyuki.

Boga lina maua ya namna mbili katika mmea mmoja. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Vumbi la manjano la ua dume lisipofikishwa katika ua jike, kiboga kile hakikui. Na vumbi hilo ni zito, tena lanata, upepo hauliwezi. Mchukuzi wake ni nyuki. Ua lenyewe hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na hufunguka siku moja tu. Basi anyunyizaye dawa saa moja ya asubuhi amemkuta mfanyakazi kazini, akamwua.

Ikiwa dawa haina budi, na inyunyizwe jioni, wala isielekezwe katika maua. Nyuki wakiwa haba, chuma ua dume asubuhi, ondoa majani yake ya manjano, kisha gusisha vumbi lake katikati ya ua jike. Watoto wa shule waiweza kazi hii, tena huipenda sana. Hapa Katavi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa wako wengi wenye mizinga katika miombo, na nyuki wa bustanini huweza kuwa ndio wale wale wa mzingani.

Yuko na bundi. Akilia juu ya paa watu husema ni msiba, wakamtupia mawe. Lakini chakula chake kikubwa ni panya, na panya ndiye alaye mahindi yetu ghalani. Atiliaye panya sumu huweza kumwua bundi pamoja nao, maana bundi humla panya aliyekwisha kula sumu. Kinyonga naye huuawa bure. Hana sumu, na riziki yake ni nzi na panzi.

Ndege mdogo aitwaye chozi hunywa maji matamu ya maua ya mgomba. Ndizi zetu hazimhitaji, lakini hula buibui na wadudu wadogo, basi hatumfukuzi. Mapapai twayachuma yaanzapo kugeuka rangi, yakaivia ndani ya nyumba. Lile ambalo ndege amekwisha kulitoboa twamwachia.